Kahawa yetu tunaiuza, je, tunaijua?

(Haya ni maneno ya mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.)



Leo nataka tuzungumze juu ya kikombe cha kahawa. Najua wapo watakaosema, huyu bwana amekosa la kusema, kahawa nayo ni jambo la kuzungumza redioni? Nami nawajibu kwa swali. Mji wa Moshi umejengwa na nini? Shule nyingi za mlimani zilijengwa kwa fedha ya zao gani? Na bati la kwanza lililofunika nyumba ya babu yako kule Kibosho, Marangu, Machame au Rombo lilinunuliwa kwa kuuza nini? Sasa basi, zao lililofanya yote hayo, wewe uliye mwana wa mlima huo umewahi kulionja likiwa limekaangwa vizuri, limesagwa siku hiyo hiyo, na kupikwa bila haraka? Wengi wetu jibu ni hapana.

Pandeni leo kwenye vijiji vya mlimani, mpige hodi kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni pande zote. Mtakaribishwa vizuri, maana ukarimu upo. Mtaletewa chai ya maziwa. Siku ya sherehe mtaletewa mbege. Mkisema mnataka kahawa, mtoto atatumwa dukani kununua kopo au kipakiti cha kahawa ya unga inayoyeyuka, iliyotengenezwa Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Simsemi vibaya ndugu yetu wa Bukoba. Kiwanda cha TANICA ni chetu na kazi yake ni njema. Lakini mtu mwenye mibuni mia tano nyuma ya jiko kununua kahawa dukani ni kama mvuvi kununua samaki wa kopo. Wahenga walishasema, kinyozi hajinyoi.

Wenzetu hawako hivyo. Huko Cuba, mkulima wa tumbaku huvuta zile sigara nene zilizosokotwa kwa majani ya shamba lake mwenyewe, na mgeni akija atamweleza jani gani limetoka juu ya mmea na jani gani limetoka chini, na tofauti yake ni nini. Sisifu moshi, maana tumbaku inaua, na hilo halina mjadala. Nasifu ujuzi. Mtu anakijua anachokiuza. Tukija karibu zaidi, Ethiopia, nyumbani kwa mbuni wenyewe, karibu nusu ya kahawa yote wanayovuna huinywa wao wenyewe. Mama hukaanga buni mbele ya wageni, wakanusa moshi wake, akatwanga, akapika na kumimina raundi tatu. Mnunuzi wa Ulaya akienda huko akimwambia mkulima kahawa yake ni mbaya, mkulima anaweza kumbishia. Sisi tunabisha kwa kitu gani?

Tuangalie kidogo tulikotoka. Kahawa ya arabika iliingia Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki, na mwaka unaotajwa ni 1898, katika misheni ya Kilema. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bwana wilaya wa Moshi, Mwingereza Charles Dundas, aliwahimiza Wachagga wapande kahawa katika vihamba vyao. Masetla hawakupendezwa. Walitaka Mwafrika awe kibarua wa kahawa, asiwe mwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 ikaja KNCU, Chama Kikuu cha Ushirika kilichokuja kuwa mfano kwa Afrika nzima. Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kikaanzishwa Lyamungu.

Sasa angalieni jambo moja katika historia hiyo. Kila hatua ilikuwa ya kupanda, kuvuna, kukusanya na kuuza. Mkulima alifundishwa kupogoa, kupulizia dawa, kumenya, kuloweka, kuosha na kuanika. Akishaanika, safari yake ilikwisha. Kahawa ilipelekwa kwenye chama cha msingi ikiwa bado na ganda lake gumu la ndani, ikaenda kukobolewa Moshi, ikapangwa madaraja, ikaonjwa na waonjaji wa kampuni, ikapigwa mnada na kupakiwa melini. Aliyeitoa jasho hakuwamo katika chumba cha kuonja. Aliletewa karatasi tu: kahawa yako ni daraja fulani, bei yake ni kiasi fulani. Na katika nyumba nyingi hata karatasi hiyo aliiona baba peke yake. Mama aliyechuma buni tangu alfajiri na kuzibeba kichwani alibaki na fedha ya ndizi na maziwa.

Nakuja kwenye bei. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei ilikuwa imepanda sana. Wazee wanaukumbuka wakati huo kwa furaha. Mwezi Julai mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa kiasi cha kuuza kwa kila nchi ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 2001 arabika katika soko la New York ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili moja, na huku mlimani watu waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Mapema mwaka 2025 bei hiyo hiyo ikapita dola 4 kwa ratili, ikavunja rekodi zote. Mbuni ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika kiko mbali, mahali ambapo mkulima wa Uru hana hata dirisha la kuchungulia.

Sisemi kwamba tukinywa kahawa yetu New York itatetemeka. Hapana. Ninalosema ni dogo zaidi. Mtu asiyejua ladha ya mali yake hana la kusema bei inapotajwa. Na mji usiokunywa kahawa ya mlima wake umejinyima soko lililo karibu kuliko yote, soko lisilohitaji meli wala bima. Kwa hiyo leo nawapa somo la mwanzo. Ni la mtu asiyejua kitu, awe wa Moshi mjini, Arusha au Dar es Salaam. Tuanze.

Jambo la kwanza ni kujua aina. Kuna arabika na kuna robusta. Kahawa ya Kilimanjaro ni arabika, hupenda mwinuko na baridi kidogo, na huku kwetu hukaa vizuri kati ya mita 1,000 na 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya kivuli cha migomba na miringaringa. Robusta ni ya Kagera. Ni nzito, ni chungu zaidi, na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Wahaya waliijua karne nyingi kabla ya misheni yoyote, wakaichemsha na majani ya harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni hupewa buni atafune kama ishara ya urafiki, na mpaka leo ukifika Bukoba utauziwa. Kwa hiyo mtu asikwambie kahawa ni jambo la Wazungu. Arabika ya mlimani kwetu ni nyepesi kidogo mdomoni, ina harufu nzuri, na ina ukali mdogo wa kupendeza kama wa chungwa au zabibu. Ukali huo si kasoro. Ndio unaolipiwa.

Jambo la pili ni madaraja, na hapa watu wengi huibiwa. Utaona paketi imeandikwa AA kwa herufi kubwa, ukadhani hiyo ndiyo bora kwa ladha. AA maana yake ni ukubwa wa punje. Kiwandani punje hupitishwa katika chekeche. Zinazobaki juu ya tundu la milimita 7 hivi huitwa AA, zinazofuata ni A, kisha B, kisha C. Ipo pia PB, ile punje ya duara inayopatikana pale tunda linapozaa mbegu moja badala ya mbili. Punje kubwa hukaangika kwa usawa na hupendeza machoni, ndiyo maana zina bei. Lakini AA iliyochumwa mbichi na kuanikwa ovyo itashindwa na B iliyochumwa nyekundu tupu na kuoshwa kwa maji safi. Usinunue ukubwa. Nunua matunzo.

Jambo la tatu ni swali la kumuuliza muuzaji, na ni moja tu: imekaangwa lini? Kahawa iliyokaangwa ni kama mkate. Ikiwa punje nzima, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, inakaa vizuri wiki kadhaa. Ikishasagwa, harufu yake huanza kukimbia saa ile ile, na baada ya siku chache unabaki na uchungu. Muuzaji asiyejua imekaangwa lini, mshukuru uende kwingine. Nunua robo kilo, usinunue kilo. Robo hiyo itakupa vikombe ishirini hivi, na ikiisha utanunua nyingine mpya. Nunua punje nzima, usage kidogo kidogo nyumbani. Huna mashine? Kinu kipo. Bibi zetu walitwanga mtama kwa kinu, kahawa haitakishinda.

Jambo la nne, tumia macho na pua. Punje ziwe na rangi moja. Mchanganyiko wa nyeusi na za hudhurungi hafifu maana yake mkaangaji alikuwa anapiga soga. Zisiwe na vipande vingi vilivyovunjika wala zilizotobolewa na wadudu. Nusa. Ukipata harufu ya gunia, ukungu, mafuta ya taa au udongo, acha. Kahawa hunyonya harufu ya jirani yake upesi sana. Aliyeihifadhi karibu na sabuni au dagaa atakuuzia sabuni au dagaa.

Sasa wewe mwenye kihamba, au mwenye shangazi mwenye kihamba, usinunue kabisa. Msimu wa kuchuma, ambao kwetu huanza kati ya mwaka na kuendelea hadi mwishoni, weka debe moja pembeni. Chuma nyekundu tupu. Zimwage majini, zinazoelea ziondoe, hizo ni mapepe. Menya kwa mashine ya mkono, loweka siku moja mpaka tatu kulingana na baridi ya huko kwenu, mpaka ule utelezi uachie, kisha osha mpaka ukizisugua zisikike kama kokoto. Anika juu ya kichanja, si chini ya ardhi, siku saba mpaka kumi na nne, ukizigeuza, na kuzifunika jua likiwa kali mno na mvua ikija. Hapo una kahawa yenye ganda. Twanga polepole kwenye kinu ganda litoke, peta kwa ungo. Ukihesabu, kilo tano hadi sita za buni nyekundu hukupa kilo moja ya kahawa safi.

Kukaanga ni kazi ya robo saa. Weka chungu au sufuria nzito juu ya moto wa wastani, mimina punje zisizidi vidole viwili kwa kina, koroga bila kuacha. Bila kuacha, nasema. Simu ikilia iache ilie. Punje zitatoka kijani zitakuwa za manjano, zitanukia kama majani makavu, kisha kama mkate. Halafu zitaanza kupasuka kwa mlio kama bisi. Huo mlio ni saa yako. Ukiepua muda mfupi baada ya mlio kutulia, utapata kahawa ya hudhurungi yenye harufu zote za mlima. Ukingoja mpaka zing'ae mafuta na kutoa moshi mzito, unakunywa mkaa, na mkaa wa Kilimanjaro hauna tofauti na mkaa wa kwingine. Zimwage kwenye ungo, zipepee zipoe upesi na maganda yaruke. Zipumzishe mpaka kesho yake.

Kupika nako kuna hesabu. Kwa kikombe kimoja cha mililita 200, weka gramu 12 za kahawa iliyosagwa, yaani vijiko viwili vya chakula visivyofurika. Wengi huweka kijiko kimoja cha chai, wakapata maji ya rangi, wakasema kahawa haina maana. Wengine huweka kidogo kisha huchemsha robo saa nzima ili kuikamua. Wanachokamua ni uchungu. Vitabu vya nje hukwambia subiri maji yaliyochemka yapoe kidogo kabla ya kumimina, maana wanataka nyuzi kati ya 92 na 96. Sisi mlima umetusaidia. Moshi mjini, karibu mita 900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Na ukipanda mpaka mita 1,400 huchemka kwenye 95. Mtu wa Kilema akiepua birika na kumimina hapo hapo, amepatia bila kipimajoto. Mimina juu ya unga, koroga mara moja, funika dakika nne, chuja kwa kitambaa safi au chujio. Basi, hakuna uchawi.

Mtu wa pwani atanung'unika kwamba sijamtaja muuza kahawa na dele lake la shaba lenye jiko la mkaa chini, anayepita akigonga vikombe, watu wakanywa finjani kwa finjani barazani na kashata. Huyo nampa heshima yake. Tena hata Moshi mjini yupo, na vijiwe vyake vya asubuhi na jioni vinajaa. Ile kahawa chungu, mara nyingine na tangawizi au hiliki, ndiyo iliyofundisha Waswahili kuinywa bila sukari na kuzungumza bila kugombana. Lakini ile ni kahawa ya kupikwa muda mrefu, na humuuliza mnywaji habari za dunia. Hii ninayowafundisha leo humuuliza habari za kahawa yenyewe. Zote mbili ni zetu.

Sasa kuonja. Mafunda matatu ya kwanza kunywa bila sukari wala maziwa. Ukishamaliza matatu, fanya upendavyo, hakuna aibu. Kahawa ni yako na sukari ni yako. Usiinywe ya moto wa kuunguza. Ulimi ulioungua hauonji, na kuna sababu kubwa zaidi: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vikasababisha saratani ya umio. Kahawa yenyewe haikutiwa hatiani. Moto ndio ulioshtakiwa. Kwa hiyo ngoja. Na kahawa nzuri hujitambulisha inapopoa. Ile mbaya hujificha kwenye moto, ikipoa inaumbuka.

Jiulize mambo manne. Harufu yake inanikumbusha nini: maua, asali, karanga, chokoleti? Ukali wake ni wa tunda au wa siki? Wa tunda ni sifa. Wa siki au pombe iliyolala maana yake ililowekwa kupita kiasi. Uzito wake mdomoni ni kama maji au kama maziwa? Na nikishameza, kinachobaki ni kitamu au ni kama nimelamba majivu? Usiogope kukosa maneno. Tumia yako. Sema inanukia kama ndizi mbivu ya kisukari, kama ua la mbuni wenyewe baada ya mvua, kama ngozi ya chungwa. Waonjaji wa kampuni nao walianza hivyo hivyo.

Na kiasi? Mtu mzima mwenye afya vikombe vitatu au vinne kwa siku havimdhuru. Mama mjamzito asizidi viwili vidogo, na mwenye presha au vidonda vya tumbo amuulize daktari wake kwanza. Usinywe pamoja na chakula kama una upungufu wa damu, maana kahawa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Ngoja saa moja. Na ukinywa saa mbili usiku usimlaumu jirani kwa kukosa usingizi.

Ndugu wasikilizaji, nimesema mengi ya jikoni. Sasa nirudi kwenye lile lililonifanya niandike.

Huko Japani arabika ya Tanzania inajulikana kwa jina moja, Kilimanjaro. Iwe imetoka Mbinga, iwe imetoka Mbozi, kwao ni Kilimanjaro. Jina la mlima wetu limekuwa kubwa kuliko kahawa ya mlima wetu, na wakati jina linakua, mibuni inapungua. Ni mizee. Wengi wa zamani walipanda aina zinazoshambuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na dawa ni ghali. Taasisi ya utafiti, TaCRI, ambayo tangu mwaka 2001 iko pale pale Lyamungu, imetoa aina mpya zinazostahimili magonjwa hayo. Miche ipo. Lakini kijana aliyerithi robo eka ya kihamba, aliyegawiwa na baba aliyegawiwa na babu, anauliza: nipande mbuni ningoje miaka mitatu, ili mtu nisiyemwona aniambie bei? Ni swali la haki. Anakata mbuni, anapanda nyanya, au anajenga chumba cha kupangisha.

Wakati huo huo, pale Materuni na vijiji vingine, wageni kutoka ng'ambo hulipa wapande kihambani, watwange kahawa kwa kinu, waimbe, wakaange, wanywe. Wanarudi kwao wakisimulia kwamba hawajawahi kunywa kahawa kama ile. Nafurahi wanapolipa, na vijana wanaowaongoza wanafanya kazi safi. Lakini hebu fikirini. Kuna mtoto wa Moshi mjini, amezaliwa hapa, amesoma hapa kwa fedha ya kahawa, ambaye hajawahi kuonja kile ambacho mgeni amesafiri saa ishirini kukionja nyuma ya nyumba ya bibi yake.

Fanyeni hesabu hii nami. Kilo moja ya kahawa safi ikikaangwa hupungua, hubaki kama gramu 840. Kwa gramu 12 kila kikombe, hivyo ni vikombe 70. Chukua bei ambayo mkulima alilipwa kwa kilo hiyo msimu uliopita. Kisha nenda kwenye mgahawa wowote wa mjini, uliza bei ya kikombe kimoja, uzidishe kwa 70. Siwatajii tarakimu, maana zinabadilika kila mwezi. Kila mtu aandike zake kwenye kipande cha karatasi. Ile nafasi kati ya namba mbili hizo ndimo walimo mkaangaji, msafirishaji, mwenye duka, na wengine wengi, na wote wanastahili kula. Swali ni kwa nini katika orodha hiyo hakuna kijana wa Machame mwenye chungu cha kukaangia, wala mama wa Mwika mwenye paketi iliyoandikwa jina la kijiji chake. KNCU walifungua mgahawa wao mjini Moshi wakauza kahawa ya wanachama wao, na mfano huo ulionyesha kwamba inawezekana. Vyama vya msingi vingine vinangoja nini?

Lakini biashara hiyo haiwezi kusimama bila wateja, na mteja wa kwanza ni wewe unayenisikiliza. Hakuna atakayekaanga vizuri kwa watu wasiojua tofauti. Siku wakazi wa mji wakianza kuuliza imekaangwa lini, imetoka kijiji gani, nani aliiosha, siku hiyo atatokea wa kujibu. Na mkulima akishaonja kahawa yake mwenyewe, akajua hii ya juu karibu na msitu ni tamu kuliko ile ya chini, na ile niliyoianika chini ya ardhi ina ladha ya ardhi, hatahitaji bwana shamba wa kumwambia ajenge kichanja.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani wiki hii ni moja. Aliye mjini atafute robo kilo ya punje nzima, iliyokaangwa karibuni, yenye jina la mahali ilikotoka. Aliye mlimani atenge kilo mbili za msimu huu, azitoe kwenye fungu la kuuza, azikaange. Hivyo ni vikombe 140. Wa kwanza ampe mama aliyeichuma, amuulize ameonja nini. Nadhani katika nyumba nyingi itakuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumuuliza.

Nawatakia wiki njema. Kwaherini.